"Fundi, hii deki si ya plastiki? Itaoza vipi?"

Theluji ikiyeyuka tu hapa Minnesota, Marekani, simu yangu haipumziki. Wakenya na Watanzania walionunua nyumba huku wanataka deki (usicheke, si kudeki sakafu): lile baraza la mbao nyuma ya nyumba, la kuchomea nyama na kukaa na wageni jioni za kiangazi. Siku hizi karibu kila mmoja anataka mbao za kompoziti, yaani unga wa mbao na plastiki vilivyoyeyushwa pamoja. Hazidai rangi wala hazichomi watoto vibanzi miguuni. Mbao zenyewe sina ugomvi nazo. Taabu ni maneno wanayokuja nayo.

"Kompoziti haiozi, basi deki yangu haiozi."

Mbao unazokanyaga, sawa. Lakini kompoziti haibebi mzigo. Inayobeba ni fremu ya chini, nguzo na boriti, na hiyo mara nyingi ni msonobari uliotiwa dawa. Mama mmoja wa Brooklyn Park, mji ulio jirani na Minneapolis, aliniita nimwekee kompoziti juu ya fremu ya zamani ili aokoe pesa. Nikaingia chini, nikachomeka bisibisi kwenye ubao unaoshikiza deki ukutani. Ikazama hadi mpini, kama kisu kwenye papai. Fundi wa kwanza hakuweka bati la kuzuia maji kati ya ubao na nyumba, na ubao wenyewe aliupigilia misumari mitupu. Msumari huvutika taratibu. Pale panatakiwa bolti za nusu inchi. Nayo misumari ilishaliwa na kutu, kwa sababu dawa iliyoshika nafasi ya ile ya arseniki kwenye mbao za majumbani Marekani tangu 2004 ina shaba nyingi, na shaba hula chuma cha kawaida.

Deki inapoporomoka, mara nyingi imechomoka hapo ukutani. Na uozo haubishi hodi. Juni 2015, huko Berkeley, California, roshani ya jengo ambalo halijafikisha hata miaka 10 ilivunjika ikaua vijana 6. Boriti zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyonaswa ndani.

Fremu ya yule mama ilikuwa na kasoro nyingine: boriti zilipishana inchi 24. Kompoziti hulegea kuliko mbao za kawaida, inataka inchi 16 kutoka kati hadi kati, na ukizilaza mbao mshazari, 12. Vinginevyo kiangazi unatembea juu ya godoro.

"Ngazi ni vidato vinne tu, malizia Jumamosi."

Ngazi ndiyo inayonila muda kuliko deki nzima. Sheria ya majengo inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inasema kidato kisizidi kimo cha inchi 7¾, pa kukanyagia pasipungue inchi 10, na kati ya kidato kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote tofauti isizidi inchi ⅜. Mguu una kumbukumbu. Ukishapanda viwili vya kwanza, hauangalii tena. Unakwenda kwa mazoea, na kile kinachotofautiana ndicho kinachokuangusha na sufuria la pilau mkononi.

Mwaka wangu wa kwanza nilichonga meno ya mbao za ubavuni (zile zinazobeba vidato) yote sawasawa, nikajisifu. Nilipofunga ubao wa inchi moja juu ya kila jino, kidato cha chini kikapanda inchi moja na cha juu kabisa kikapungua inchi moja. Dawa ni kukata unene wa ubao kwenye kitako cha zile mbao za ubavuni kabla ya kuzisimamisha. Nililijua hilo baada ya kutupa mbao tatu. Na kwenye ngazi za kompoziti hizo mbao za ubavuni zisiachane zaidi ya inchi 12, maana mguu hushuka kwa kishindo.

"Reli, ule uzio wa pembeni mwa deki, ni urembo."

Ile nguzo nyeupe nene ya reli unayoipenda dukani ni soksi. Ndani ni tupu, na kinachokushika ni nguzo ya mbao au chuma iliyovishwa humo. Deki ikiwa juu ya ardhi kwa zaidi ya inchi 30, reli iwe na kimo kisichopungua inchi 36, mpira wa inchi 4 usipenye kati ya fito (pima kwa kichwa cha mtoto), nayo ihimili ratili 200 zikiielemea. Kwenye ngazi ya vidato vinne au zaidi weka pia reli ya kushikia, ya mviringo unaoingia kiganjani. Ubao mpana unafaa kuwekea kikombe cha chai, lakini ukiteleza huudaki.

"Plastiki haijali hali ya hewa."

Inajali sana. Ubao wa futi 16 unaweza kurefuka na kufupika robo inchi au zaidi kati ya Januari na Julai, kwa hiyo acha nafasi kwenye ncha. Na kompoziti nyeusi, kwa joto lake, utaikimbia pekupeku saa nane mchana.

"Kibali cha ujenzi ni njia ya mji kula pesa."

Minneapolis misingi ya nguzo hushuka inchi 42, kwa sababu ardhi ikiganda huvimba na kuinua chochote kilicho juu juu. Mkaguzi wa mji hutazama mashimo kabla hujamwaga zege, maana baadaye hayaonekani tena.

Yule mama wa Brooklyn Park alinuna siku mbili, kisha akakata futi nne kwenye urefu wa deki, tukajenga fremu mpya kwa pesa hiyo. Siku ya ukaguzi alikuwa ameshapika chapati. Mkaguzi alilala chali chini ya boriti na tochi yake, akahesabu bolti moja moja, ndipo akatoka kunawa mikono.