Kadi ya kugusisha haiibiwi pesa kwenye mwendokasi, jamani

Wiki hii tena. Nimeenda kufunga posi, ile mashine ya kulipia kwa kadi, kwenye duka la vipodozi Kariakoo, mama mwenye duka akafungua pochi anionyeshe kadi yake ya benki, ya kulipa kwa kugusisha, kaiviringisha na ile foili ya kufunikia chakula, eti kaona video jamaa anapita na posi kwenye mwendokasi anavuna hela mifukoni mwa watu. Nafungua foili nakuta kikaratasi kimekunjwa, kina tarakimu nne. Namba ya siri! Hapo ndo roho iliniuma.

Sikilizeni. Kadi inasomeka kwenye kama sentimita 4 hivi, na ukiwa na kadi mbili zimebanana kwenye waleti mara nyingi posi inakataa zote. Tena posi ina akaunti ya benki nyuma yake, akaunti ina jina la mtu, mwizi gani anataka hela iingie kwenye jina lake?

Kinachonichosha ni wale wanaosema "basi mi bora niswaipu". Hapana! Kuchomeka sawa, chipu, kile kidude cha kung'aa kwenye kadi, ni ile ile inayotumika ukigusisha. Ila ule mstari mweusi wa nyuma, ndo unaoswaipu, unatoa data zile zile kila siku, aliyezikopi mara moja kamaliza kazi. Chipu kila muamala inatengeneza msimbo mpya kwa ufunguo uliomo ndani ambao hautoki, benki inaukagua, ukishatumika umekufa, hata mtu akiudaka leo kesho haumfai kitu. Na ukiiweka kadi kwenye simu ndo nzuri zaidi, maana dukani inaenda namba mbadala, sio ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Siwadanganyi kwamba haina tundu. Kadi nyingi bado zinatoa namba na tarehe ya kuisha hewani, zile tarakimu tatu za nyuma hazitoki, ila duka la mtandaoni lisilozidai ni hatari. Na mwaka 2021 watafiti wa vyuo vya Birmingham na Surrey kule Uingereza walionyesha iPhone iliyofungwa, yenye kadi ya Visa kwenye mpangilio wa usafiri, ule wa kulipa nauli bila kufungua simu, inaweza kulipishwa bila mwenyewe kujua. Na kadi ikiibiwa, vile viwango vidogo visivyodai namba ya siri vinaweza kupita mpaka uifunge, hapo sina dawa zaidi ya kuwahi kuipigia benki.

Lakini watu wetu hawaibiwi hivyo. Wanaibiwa na "ile hela tuma kwenye namba hii", na anayepiga akijiita huduma kwa wateja, na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106# leo leo uzihesabu.

Yule mama nilimsindikiza mpaka ATM ya jirani, akaingia kubadilisha namba, mi nikabaki nje nimeupa mlango mgongo. Alipotoka akakichana kile kikaratasi vipande vidogo vidogo, foili akairudisha kwenye pochi.