Chumba cha giza nyumbani Kampala, na kinachoiua picha ndani ya fremu

Mwaka jana, mvua za Aprili zikiwa zimekolea, mama mmoja jirani yangu hapa Kibuli aliniletea picha ya harusi yake ameifunga kwenye kanga. Picha ya nyeusi na nyeupe, imekaa ukutani sebuleni tangu miaka ya sabini. "Mwanangu, itoe humo ndani, inaoza," akaniambia.

Niliigeuza. Mgongoni kulikuwa na ubao wa hadibodi uliokuwa mweusi kwa unyevu, na selotepu iliyokauka ikaacha gundi ya manjano. Mbele, bega na shavu la bwana harusi vilikuwa vimenata kwenye kioo, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Nikamwambia, "Mama, nikiivuta tu, uso wa mzee utabaki kwenye kioo."

Kilichoniuma ni kwamba picha yenyewe ilikuwa imesafishwa vizuri sana. Kingo zilizojificha chini ya mbao za fremu zilikuwa bado nyeupe, weusi umetulia. Aliyeisafisha aliijua kazi yake. Aliyeifunga ndiye aliyeiua. Ndiyo maana kila anayeniuliza jinsi ya kuanzisha chumba cha giza nyumbani, kile cha kusafishia filamu na kuchapia picha, namwambia kazi hiyo haiishii kwenye beseni la mwisho la maji. Inaishia ukutani.

Giza lenyewe halina taabu hapa kwetu. Jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo ukifanya kazi usiku, kazi ya kuziba imepungua nusu. Mimi natumia bafu. Dirishani nimebandika tabaka 2 za nailoni nyeusi ile mafundi wanayotandika chini ya zege, na chini ya mlango nasukuma taulo. Zima taa, kaa dakika 10 bila kufanya lolote. Macho yakizoea, utaiona kila tundu ambayo hukujua ipo.

Taa nyekundu ya kufanyia kazi humo ndani ijaribu kabla ya kuiamini. Chukua kipande cha karatasi ya picha, kimulike kidogo kwa enlaja, ile mashine ya kukuzia picha, kiasi cha kutoa kijivu hafifu tu, kisha weka sarafu ya shilingi 500 juu yake na ukiache chini ya taa nyekundu dakika 5. Kisafishe. Ukiona duara la sarafu, taa yako inavujisha mwanga mbaya au iko karibu mno. Usiruke hatua ya kumulika kwanza, kwa sababu karatasi ambayo haijaguswa na mwanga kabisa inaweza kuficha kosa hilo.

Tatizo letu kubwa ni joto. Dawa nyingi za kusafishia filamu zimepangiwa nyuzi 20, na maji ya tangi juu ya paa la bati mchana hufika 26 au zaidi. Karatasi huvumilia, filamu haivumilii. Filamu inayotaka dakika 10 kwenye nyuzi 20 hutaka kama 7 kwenye 24, na muda ukishuka chini ya dakika 5 dawa haiwahi kuenea sawasawa, unapata mbingu yenye mabaka. Watu hutia barafu ndani ya dawa. Barafu ikiyeyuka inaizimua dawa yenyewe. Mimi narudi kwenye mtungi. Maji yaliyolala kwenye mtungi wa udongo, umewekwa mahali penye upepo, nimeyapima alfajiri mara nyingi yakisoma 20 au 21. Udongo unavuja jasho, jasho linakauka, maji yanapoa. Nayatumia kwa kila hatua, hata kuoshea, kwa sababu filamu ikitoka kwenye dawa baridi ikaingia kwenye maji ya moto, utando wake hukunjamana na kuacha mikunjo midogo kama ngozi ya mjusi. Hiyo haitoki tena.

La pili ni umeme. Nilipoteza karatasi nyingi kabla sijaelewa kwa nini picha ile ile, sekunde 12 zile zile za mwanga, leo inatoka nyeusi na kesho kijivu. Balbu ya waya kwenye enlaja haipungui mwanga kwa kiasi kile kile umeme unavyopungua. Inapungua kwa kasi zaidi. Umeme ukishuka kutoka volti 240 hadi 216, ambayo ni asilimia 10 tu, mwanga hupotea karibu asilimia 30. Tena unakuwa mwekundu zaidi, na karatasi zile ambazo kontrasti yake, yaani tofauti ya weusi na weupe, hubadilishwa kwa filta huutambua wekundu huo. Nunua stabilaiza kabla hujanunua lenzi nzuri. Na friji izime kwanza. Ikiwaka katikati ya sekunde zako 12, utaiona kwenye picha.

Kuhusu dawa nitasema machache. Dawa ya kusimamisha usafishaji unaweza kuitengeneza kwa siki nyeupe ya asilimia 5: kikombe kimoja cha siki, kimoja na nusu cha maji. Chumbani acha tundu la hewa juu. Na tafadhali sana, usihifadhi dawa kwenye jerikeni la njano. Katika nyumba zetu jerikeni la njano ni maji, na mtoto mwenye kiu hasomi karatasi uliyobandika. Fiksa, dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ikichoka usiimwage chooni, ina madini ya fedha ndani yake. Itie kwenye ndoo yenye sufi ya chuma ile ya kusugulia sufuria. Chuma huyeyuka kikachukua nafasi ya fedha, na fedha hutuama chini kama tope jeusi.

Kuosha ndiko kunakoamua umri wa picha. Fiksa ikibaki ndani ya karatasi, miaka inakuja na manjano yake. Karatasi yenye plastiki inatosheka na dakika 4 au 5 za maji yanayotembea. Karatasi ya nyuzi, ile isiyo na plastiki, hunywa dawa kama kitambaa, ipe saa nzima. Kipimo changu ni potasiamu pamanganeti ya duka la dawa: chembe chache kwenye maji safi mpaka yawe ya waridi, kisha gawa kwenye glasi 2. Moja itie matone ya maji ya bomba, nyingine matone yanayochuruzika kutoka kwenye picha. Glasi ya picha ikipoteza waridi mapema kuliko ile ya bomba, rudisha picha kwenye maji.

Sasa fremu. Mbao siwezi kulalamika. Nenda Ndeeba, hapa hapa Kampala, utapata mafundi wanaokata mvule pembe zikakutana bila nafasi ya kupitisha wembe. Lakini usimwachie fundi picha yako. Mpe vipimo tu, funga mwenyewe. Fundi mmoja alinirudishia kazi ameibandika kwenye ubao kwa uji wa muhogo. Mende waliifikia kabla ya mwezi kwisha.

Picha isiguse kioo. Hilo ndilo lililomponza bwana harusi wetu: utando wa picha ni jelatini, ule ute wa mifupa na ngozi, na jelatini ikipata unyevu hulainika, ikikauka imeshika chochote kilichoigusa. Kwa hiyo kata kadi nene isiyo na asidi, tundu katikati kama dirisha, ikae kati ya picha na kioo. Upande wa chini wa dirisha uache upana kidogo zaidi, jicho hupenda hivyo. Nyuma weka kadi ya aina hiyo hiyo, ndipo ubao ufuate. Picha ishikwe na pembe 4 za karatasi nzuri ulizokunja mwenyewe, gundi iguse pembe na kadi, picha isiguswe hata tone. Siku ya kuitoa, inateleza tu.

Ukutani, chagua ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba. Nyuma ya pembe za chini za fremu bandika vipande vya kizibo vya unene wa sentimita moja, hewa ipite.

Picha ya mama sikuivuta. Niliipiga ikiwa pale pale nyuma ya kioo, kamera kwenye stendi, taa 2 pembeni, kitambaa cheusi nyuma yangu ili mwanga usirudi kwenye kioo. Kutokana na negativu hiyo nilichapa nakala ya nyuzi, nikaiosha saa moja kwa maji ya mtungi. Alipokuja kuichukua alipitisha kidole kwenye nafasi kati ya kioo na uso wa mumewe, pale kadi inapokata kivuli chembamba, akaniuliza kama hiyo nafasi nimeisahau. Nikamweleza. Ile ya zamani ameihifadhi kabatini, na kioo chake.