Si Kila Mkojo Unaovuja ni UTI Sugu

Wanawake wengi ninaowaona hapa Dodoma kwa tatizo la kushindwa kuzuia mkojo wameshameza antibayotiki kwa miezi. Waliambiwa wana UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha. Ukiwahoji vizuri, hakuna homa wala maumivu ya kukojoa, na kipimo cha mkojo ni safi. Dawa itaua nini?

Naomba swali hili liulizwe kila zahanati, hata kliniki ya presha na kisukari: "Mama, mkojo huwa unakutoka kabla hujafika chooni, au ukikohoa?" Mwenyewe hatalianzisha. Atajifunga khanga mbili, ataacha ibada, atajinyima maji. Hilo la maji ndilo linaloniumiza zaidi. Kwa jua la Bahi au Chamwino, asiyekunywa hupata mkojo mkali unaochokoza kibofu, na choo kigumu kinachozidi kukikandamiza.

Jibu lake ndilo litakaloongoza matibabu. Anayevuja akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo ya lita 20, misuli yake ya nyonga imelegea, mara nyingi kwa sababu ya uzazi. Mfundishe kuibana kama anayezuia ushuzi, walau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa miezi 3. Hakikisha anabana panapotakiwa, maana wengi hukaza tumbo na matako, kisha husema mazoezi hayafai.

Anayebanwa ghafla ajizoeze kuchelewesha haja kidogo kidogo kwa wiki 6 au zaidi, na apunguze chai na kahawa. Wengine wana yote mawili. Pitia pia dawa zake za presha: za kukojosha humkimbiza chooni, na captopril au enalapril huweza kumletea kikohozi.

Mzee anayetokwa na matone, mpapase chini ya kitovu. Kibofu kikiwa kimejaa, fikiria tezi dume. Binti anayevuja usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu, fikiria fistula (tundu kati ya kibofu na uke) siku hiyo hiyo na umpe rufaa. Tundu likiwa dogo na jipya, mpira wa mkojo ukiwekwa mapema huweza kulisaidia lizibe bila upasuaji.

Damu kwenye mkojo nayo ni rufaa. Ganzi sehemu za siri au miguu kukosa nguvu ni dharura: asilale nyumbani.