Tiba zisizo za dawa kwa wenye dimenshia

Tiba isiyo ya dawa ni shughuli iliyopangwa kwa lengo na ratiba, ili mwenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, autumie uwezo wa akili na mwili alionao bado. Haiponyi. Hata vidonge vilivyopo, kama donepezili, haviponyi. Hupunguza makali ya dalili kwa baadhi ya wagonjwa, tena kwa muda.

Iliyochunguzwa zaidi ni tiba ya kuchangamsha akili. Ilibuniwa Uingereza, na utafiti wake mkubwa ulichapishwa mwaka 2003. Wagonjwa wa hatua za mwanzo na za kati hukaa kikundi kidogo kwa vikao 14, viwili kila wiki, kila kikao dakika 45 hivi na mada yake: chakula, utoto, fedha. Nchini kwetu Tanzania imekwisha kujaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, baada ya kurekebishwa iwafae wazee wa vijijini.

Kanuni yake moja naiona ndiyo kiini: omba maoni, usimtahini mtu. Sisi tukiingia tu ndani, "Bibi, mimi nani?" Akikosa tunacheka, naye ananyamaza kutwa. Mzee wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huenda asijue leo ni Jumatano au Ijumaa. Mpe katani mkononi, muulize hii ni ya daraja la juu au la chini. Ataipapasa, ataivuta, pengine ataikosoa. Hapo hakulazimishwa kukumbuka kitu; ameombwa hukumu yake, na anayo.

Muziki nao umo. Tanga ndiko zilikovuma bendi za taarabu za Black Star na Lucky Star, na mwimbo wa ujanani mara nyingi hudumu hata majina ya wajukuu yakipotea. Lakini uwe wa ujana wake yeye, si wako, na redio isilie mchana kutwa, maana kelele humtia wasiwasi. Mazoezi mepesi, bao, kusuka ukili, kupeta mchele, vyote vinafaa, mradi kazi iwe ya kweli. Mchele uliopetwa upikwe. Watu wazima wanajua wanapochezewa.

Kwanza, hata hivyo, apimwe hospitali. Wengi husema ni uzee tu, au karogwa. Mtu aliyechanganyikiwa ndani ya siku chache huenda ana maambukizi, au sukari imeshuka, na huyo anahitaji matibabu upesi, siyo bao.