Roboti yangu ya gramu 2 na maji moto wa kwenye mkorosho

Niko nyumbani Mtwara wiki ya pili sasa, nimekuja kumsaidia mzee kupulizia mikorosho salfa, na kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile, eti injinia mzima unashinda na vidude kama mende, si uchukue tu roboti kubwa uipunguze? Nimejibu mpaka nimechoka, leo naandika, atakayeuliza tena namtumia linki.

Roboti haipungui hivyo jamani. Chukua mnyama yeyote mpunguze urefu uwe nusu, upana nusu, kimo nusu. Uzito wake haubaki nusu, unabaki moja ya nane. Ila nguvu ya msuli inategemea unene wake, yaani ukiukata uangalie pale ulipokata, na hapo unabaki robo. Kwahiyo huyo mdogo amepata nguvu mara mbili ukilinganisha na uzito wake, hajafanya mazoezi wala nini, ni udogo tu. Ndo maana siku zote unaona sisimizi kabeba kitu kinachomzidi na hatushangai.

Mpaka hapo raha. Tabu ni kwamba ukiwa mdogo uzito unaacha kuwa shida yako kubwa, yanaanza mambo ya ngozi: kusuguana, kunata, maji. Tone moja la umande kwako ni kitu cha kujifutia usoni, kwa roboti ya saizi ya mchwa ni gundi, ikigusa mguu umeisha. Na mota ya kawaida ya sumaku na koili ukiifanya ndogo kama punje ya mchele, ekseli inasugua, koili inachemka, kazi unayopata ni ya kusikitisha. Kwahiyo sisi wa huku chini mota tunaachana nazo. Unakijua kile kiwashio cha jiko la gesi, unabonyeza tak! kinatoa cheche? Ndani kuna kitu kama seramiki, ukiiminya inatoa umeme. Sisi tunaigeuza, tunaipa umeme halafu yenyewe inapinda, kidogo sana ila kwa kasi ya ajabu, na hakuna ekseli hapo wala girisi. Maungio nayo hatuweki bawaba, tunafanya kama unavyokunja boksi gumu, unalichana nusu ya unene linakunjika palepale ulipochana. Kwa njia hii ndo wenzetu wa Harvard kule Marekani mwaka 2013 walirusha kile kidude chao cha mfano wa nyuki, RoboBee, kizito kama miligramu 80, mabawa yanapiga kama mara 120 kwa sekunde. Kilikuwa na waya wa umeme lakini, betri ambayo kingeweza kuibeba ilikuwa haipo. Betri ni kilio chetu sote, hapo sitaki hata kuanza.

Haya, yangu mimi. Ni ya gramu 2 hivi, miguu sita, kazi yake (siku moja inshallah) ni kupanda mkorosho na kupiga picha chini ya majani na kwenye machipukizi kutafuta mbu wa mikorosho (ni mdudu anayefyonza utomvu, si mbu wa kuuma watu) kabla hajafyonza kila kitu, maana sahivi anayefanya hiyo kazi ni mzee na shingo yake. Maabarani ilikuwa inatembea vizuri tu kwenye karatasi. Nikaileta huku, jani la mkorosho lile linalong'aa, ikateleza. Nikaongeza nguvu, ikateleza kwa nguvu zaidi. Siku tatu nimekaa chini ya mti nabishana na miguu sita.

Siku ya nne nikawa nataka kukata lile tawi kwasababu maji moto walishaanza kuniingia kwenye kola (asiyewajua: ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, ukiumwa utaelewa jina limetoka wapi). Mzee akanipigia kelele toka mti wa pili, "We, hao waache! Hao askari wangu." Ni kweli, wanamla huyohuyo mbu wa mikorosho, na ndo maana mzee dawa ya wadudu anapulizia shingo upande, anajua anaua na askari. Basi nikaacha tawi nikakaa kuangalia wanavyovuta jani.

Wanashikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, mnyororo. Sasa sisi watu tunajulikana, kuna Mfaransa anaitwa Ringelmann aliandika tangu 1913 kwamba watu wakivuta kamba, kadiri wanavyoongezeka ndo kila mmoja anavyovuta kidogo. Nenda ufukweni Shangani hapa Mtwara wakati wanatoa mashua majini utamuona yule anayeshika kamba tu na kuimba kwa sauti kuliko wote. Maji moto ni kinyume. Mwaka 2025 watafiti walipima ndugu zao wa Australia, mmoja peke yake alivuta kama mara 59 ya uzito wake, wakiwa timu ya 15 kila mmoja akafika kama mara 103. Maelezo yao ni kwamba wa mbele wanavuta kwa bidii huku wamekunja miguu, wa nyuma wamejinyoosha tu wanazuia kilichovutwa kisirudi. Yaani nusu ya kazi ni kutokurudi nyuma!

Na hawarudi sababu ya mguu. Katikati ya kucha zao kuna kipedi laini, mguu ukivutwa kuelekea mwilini kipedi kinakunjuka chenyewe na kushika eneo kubwa zaidi, ukilegeza kinabanduka kirahisi. Hakisubiri amri ya ubongo. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa napigania nguvu ya kusukuma, na miguu yangu niliifanya migumu kama misumari, inasukuma tu, haina habari ya kushika.

Kwahiyo nimekata vipande vya silikoni nikavibandika kwa mshazari ili vilale kwenye jani mguu ukivuta na viinuke mguu ukilegea. Juzi imepanda jani moja zima bila kuteleza, nilipiga kelele majirani wakatoka. Jana salfa imeingia kwenye silikoni, imeteleza tena. Maji moto wao wanapitisha miguu mdomoni wanajisafisha, mimi niko na selotepu.

Leo asubuhi nikaiweka karibu na kiota nione wataichukuliaje. Nilikosea hesabu, hizo mara mia zikizidishwa kwa maji moto 15 gramu 2 si kitu kabisa. Walikuja kwanza watatu, wakaishika mguu wa kushoto nyuma, wakaita wenzao. Nilivyorudi na simu kurekodi mguu ulishang'oka na walikuwa wanaupandisha juu, mzee anacheka mpaka kakaa chini.