Vepu na weupe wa meno: kioo hakionyeshi yote

Kijana aliingia mchana, mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Akanipa shikamoo, akakaa kitini huku akitabasamu kabla sijamwomba afungue kinywa. "Dokta, sigara niliacha zamani. Sasa ni vepu tu, hii sigara ya kielektroniki, mwaka wa pili huu. Tazama meno yalivyo meupe."

Nikatazama. Kwa mbele yalikuwa meupe kweli. Nikachukua kile kioo kidogo cha mdomoni, nikakielekeza nyuma ya meno ya chini ya mbele, naye nikampa kioo cha mkononi ajionee. Mstari wa rangi ya chai ulifuata fizi kutoka jino hadi jino, na juu yake ukoga uliokwisha kuwa mgumu. Nilipokitoa kioo kikanata shavuni kwa ndani, ikabidi nikibandue taratibu. Kinywa chenye mate ya kutosha hakinati kioo. Huo unato ndio ulionitia wasiwasi kuliko ule mstari.

Aliyoniambia siku ile nayasikia karibu kila wiki, kwa wanachuo, kwa vijana wa bodaboda, hata kwa watumishi waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao. Nayajibu hapa kwa sababu wengi huniuliza wakiwa wamechelewa.

"Vepu haina moshi, kwa hiyo haichafui meno."

Nusu ya maneno haya ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Sigara huungua, na tumbaku ikiungua hutoa lami inayong'ang'ania jino hadi linakuwa kahawia. Vepu haiunguzi kitu. Hupasha moto maji yenye propileni glaikoli, gliserini, ladha na mara nyingi nikotini, yakageuka mvuke. Ndiyo maana huchafua meno kidogo kuliko sigara. Kuna utafiti wa 2018 unaotajwa sana ambapo vipande vya meno ya ng'ombe viliwekwa kwenye moshi wa sigara na vingine kwenye mvuke wa vepu. Vya moshi viligeuka rangi waziwazi, vya mvuke kidogo sana. Silikatai tokeo hilo. Ila ni haki yako kujua kwamba waliolipima ni wanasayansi wa British American Tobacco, kampuni inayouza sigara na vepu pia, na kwamba kipande cha jino la ng'ombe kule maabara hakina fizi, wala hakinywi chai asubuhi.

Kisha ipo nikotini yenyewe. Ikiwa safi haina rangi, lakini ikikutana na hewa na mwanga hugeuka njano, baadaye kahawia. Chukua kichupa kipya cha maji ya vepu, kiweke kando ya kile kilichosahaulika wiki kadhaa kwenye dashibodi ya gari chini ya jua letu. Hicho cha pili utadhani kimetiwa chai ya rangi.

"Meno yakiwa meupe, ni mazima."

Hapa ndipo ningependa tukae, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Jino linalindwa na mate. Mate husafisha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi na kulirudishia jino madini yake. Propileni glaikoli huvuta maji, kwa hiyo anayevuta mara kwa mara hukaukwa na kinywa. Sasa mweke mtu huyo Dodoma mwezi wa nane, upepo mkavu, vumbi kila mahali. Kiu inambana, naye anaizima kwa soda au kinywaji cha kuongeza nguvu, yaani sukari na asidi juu ya kinywa kisicho na mate. Gliserini nayo ni nzito, hunata juu ya jino, na ladha za embe au pipi zina kazi yake. Mwaka 2018 watafiti walipuliza mvuke wa ladha tamu juu ya enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, wakakuta bakteria wanalishika mara nne zaidi, na kwa mvuke wenye ladha ugumu wake umepungua hadi asilimia 27 ukilinganisha na mvuke usio na ladha. Hiyo ni maabara. Upande wa wagonjwa, Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani kilichambua kumbukumbu za watu zaidi ya 13,000 na kutoa matokeo mwaka 2022: kati ya waliosema wanavuta vepu, asilimia 79 walikuwa kwenye hatari kubwa ya meno kutoboka, na kwa wasiovuta ni asilimia 60. Wavutaji hao walikuwa wachache, na hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba vepu ndiyo iliyowatoboa meno. Mimi nikiiweka pamoja na vinywa vikavu ninavyoviona, inanitosha kuwaonya watu.

Enameli ikiliwa hairudi. Inavyozidi kuwa nyembamba, dentini, tabaka la jino lililo chini yake, huanza kuonekana, nayo kwa asili ni ya njano. Kwa hiyo hata aliyejali weupe tu, anaupoteza kwa njia hii, na njano hiyo haikwanguliki.

Fizi nazo hudanganya. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi zenye ugonjwa zinaweza zisitoke damu unapopiga mswaki. Mtu anaona kimya, anadhani ni amani.

"Mwenye meno ya kahawia ni mvutaji."

Kanda yetu hii, neno hili ni dhuluma. Visima vingi vya Singida na baadhi ya maeneo jirani vina madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kisizidiwe. Magadi tunayotia kwenye mlenda nayo yana floridi. Mtoto akiipata kwa wingi kabla ya miaka nane, jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi, huota na madoa ya kahawia yaliyo ndani ya enameli. Nimewahi kuketi na binti aliyeacha kucheka mbele za watu kwa sababu shuleni walimwita mvuta sigara. Hajawahi kuishika. Rangi ile haitoki kwa kusugua, na daktari ana njia zake za kuipunguza au kuifunika.

"Mkaa na limao vitarudisha weupe."

Limao ni asidi, linalainisha enameli. Mkaa uliosagwa unaikwangua. Ukivitumia pamoja utaona weupe wa siku mbili tatu, halafu ganzi kila unapokunywa maji ya baridi. Mswaki wa mti ni jambo jingine, ukitafunwa vizuri na kutumiwa taratibu unasafisha. Dawa za kung'arisha zenye peroksaidi hufanya kazi, ila hazibadilishi rangi ya kizibo cha jino wala ya jino la bandia, na kuzitumia juu ya jino lililotoboka ni kujitafutia maumivu.

Yule kijana nilimkwangua ukoga, nikamwambia ukweli kwamba kuacha nikotini kabisa ndiko ninakomtakia. Nikampa na ya kuanzia leo: maji badala ya soda, dawa ya meno yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala, na asikilaze kile kifaa kando ya mto. Alirudi baada ya wiki sita. Hajaacha, alinikiri mwenyewe, ila havuti tena usiku. Nikaingiza kioo, nikakizungusha, nikakitoa. Safari hii hakikunata.