Hakuna saiti ya mapenzi inayotambuliwa na ubalozi, jamani

Swali ni lile lile, linakuja kwa WhatsApp, linakuja mtu akiwa amekaa mbele ya meza yangu hapa Mombasa na bahasha mkononi: "Dada, nijiunge saiti gani nipate mtu wa kunipeleka majuu?" Mimi kazi yangu ni kujaza fomu za viza za wachumba na za mke na mume, si kuposesha watu, lakini siku hizi karibu kila faili ninayofungua imeanzia kwenye simu, na yale makosa ya mwanzo kabisa ndiyo yanayokuja kunilalia mimi mezani. Kwa hivyo leo nayasema yote mara moja, halafu nikiulizwa tena nitume linki tu.

DHANA: Kuna saiti zinazotambuliwa na ubalozi, ukimpata mtu huko viza inatoka haraka

Hii ndiyo inayonipandisha presha. Hakuna! Si ubalozi wa Marekani, si wa Uingereza, si wa Ujerumani, hakuna hata mmoja wenye orodha ya saiti za mapenzi ulizozipa baraka. Kuna mama aliniletea karatasi imeprintiwa kwa rangi, juu ina yule tai wa Marekani, chini muhuri wa bluu, eti ni "cheti" kwamba binti yake amesajiliwa kwenye saiti iliyoidhinishwa, na wamelipa sh. 15,000 kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Hata jina la ubalozi lilikuwa limekosewa spelingi. Nilimuuliza, mama, tangu lini serikali ya Marekani ikalipwa kwa namba ya mtu anayeitwa jina moja tu? Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, manake pesa ishaenda.

Kinachochekesha ni kwamba kwa Marekani mambo yako kinyume kabisa. Kuna sheria inaitwa IMBRA, ilitiwa saini Januari 2006, na ilitungwa baada ya wanawake wa kigeni walioolewa kupitia mawakala wa ndoa kuuliwa na waume zao huko huko Marekani. Sheria hiyo inambana wakala anayechukua pesa kuunganisha Wamarekani na wageni: lazima amtafute mteja wake wa Kimarekani kwenye rejista ya wahalifu wa ngono, lazima akusanye habari zake (amewahi kukamatwa? mahakama ilishawahi kumpa amri akae mbali na mtu? ameoa mara ngapi?), akupe wewe habari hizo kwa lugha yako, na asitoe mawasiliano yako mpaka uwe umekubali kwa maandishi na kusaini. Halafu fomu ya mchumba, ile I-129F, inauliza waziwazi kama mlikutana kupitia wakala wa aina hiyo. Ukijibu ndiyo, ile karatasi ya ridhaa uliyosaini inatakiwa iambatanishwe. Sasa nikimuuliza mtu iko wapi hiyo karatasi ananitumbulia macho.

Na hizi saiti za "wanawake bure, wanaume walipe" ambazo watu wanaziona ndio bahati yao, hizo hizo ndizo zinazoangukia kwenye sheria hii. Apu za kawaida ambazo kazi yake kubwa si kuwaoza Wamarekani kwa wageni, na bei na huduma zake zinalingana kwa wote, mke kwa mume, Mkenya kwa Mmarekani, ziko nje. Kwa hivyo ile saiti yenye bendera na pete na maneno ya "ndoa za kimataifa" inakuongezea karatasi, haikupunguzii hata moja. Sisemi zote ni za wezi, nasema kama umeingia huko idai hiyo ripoti ya historia ya huyo mteja wao wa Kimarekani, ni haki yako, na wakikuzungusha toka.

Afisa anachotaka kujua ni kitu kingine kabisa. Kwa viza ya mchumba ya Marekani, K-1, anayekuombea lazima awe raia, muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kupeleka ombi (misamaha ipo lakini ni michache mno, usiitegemee), wote muwe huru kuoana, na ukifika muoane ndani ya siku 90. Hayo ndiyo maswali. Uingereza nao wanataka muwe mmeonana, na juu yake toka Aprili 2024 ombi jipya la mume au mke linataka kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mjerumani, na hapa Pwani Wajerumani tunao wengi, kwa kawaida anataka mke au mume awe na cheti cha lugha ya Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, kabla hajapewa viza, kwa hivyo kama mtu wako ni wa Ujerumani ile pesa ya kulipia saiti mwaka mzima kajilipie darasa.

Saiti basi uichague kwa vitu vya kawaida. Unaweza kuongea na mtu bila kununua krediti kwa kila ujumbe? Manake zile za kulipa kwa barua au kwa dakika zinapata faida mkiendelea kuchati, siku mkipeana namba biashara imeisha, ndio maana ukiandika namba yako inafutwa futwa. Je, watu wa nchi unayoitaka wenyewe wanaitumia kutafutana wao kwa wao? Kuna mahali pa kupiga vidio, na kitufe cha kuripoti kinafanya kazi? Basi.

Na ushauri wangu ambao nimechoka kuurudia lakini nitaurudia: AJE YEYE. Mara ya kwanza aje yeye huku, mkutane mahali pa watu, akutane na wazazi au shangazi, apigwe muhuri kwenye pasipoti. Kwa usalama wako ni bora, na kwa faili pia ni bora, manake muhuri wa kuingia Kenya, risiti ya hoteli na picha mkiwa sebuleni kwenu na mama amekaa katikati amevaa leso, hiyo ina uzito kuliko kurasa mia mbili za "gudi moningi mai lavu".

DHANA: Mzungu yeyote anayeishi Marekani anaweza kuleta mchumba

Hapana. Mwenye grinkadi, yaani kibali cha kukaa Marekani moja kwa moja bila kuwa raia, hawezi kuombea mchumba, K-1 ni ya raia peke yake. Mwenye grinkadi anaweza kuombea mke au mume, na hiyo ni foleni nyingine. Kanada hawana hata viza ya uchumba, ni mke au mume, au mwenza mliyekaa naye pamoja miezi 12, au wale wachache waliozuiwa kabisa kuishi pamoja. Kwa hivyo hilo ni swali la wiki za kwanza: wewe ni raia au una karatasi gani? Watu wanaona aibu kuuliza hilo lakini kutuma picha za faragha hawaoni aibu, mimi siwaelewi.

DHANA: Profaili ina tiki ya bluu, kwa hivyo mtu ni wa kweli

Tiki kwa kawaida inamaanisha selfi yake imefanana na picha alizoweka. Haikuambii kama ana mke, kama ana kesi, kama hiyo Texas anayosema anaishi ni Texas kweli. Kwenye Tinder mtu akilipa anajiweka mji wowote anaotaka, na nyinyi wenyewe mnafanya hivyo hivyo, mnajiweka Berlin mkiwa Kisauni halafu mnashangaa mtu akikasirika akijua. Ukijiweka huko andika kwenye profaili kwamba uko Mombasa, usianze na uongo ambao utakuja kuulizwa kwenye intavyuu.

DHANA: Tuombe viza ya utalii kwanza, ni rahisi

Kwa Marekani afisa wa viza ya utalii anaanza kwa kuamini kwamba unataka kuhamia, na kazi ya kumtoa kwenye imani hiyo ni yako. Sasa wewe una mchumba huko. Ukisema ukweli umejifunga, ukidanganya umejifunga zaidi, manake uongo kwa ubalozi unaweza kukufungia milango moja kwa moja. Wapo wanaopewa, sikatai, lakini msiniambie ni rahisi.

DHANA: Usiseme una mtoto, wala ile ndoa ya zamani

Sema! K-1 inamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa kufuatana na wewe, sasa ukimficha leo utamchukuaje kesho? Kanada ukimficha kwenye ombi sheria inaweza kukunyima kumleta baadaye. Na hii ya "hatukuoana, walileta mahari tu" inaniua. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kimila ni ndoa. Kama mahari ilipokelewa na mkakaa kama mke na mume, usiandike kwamba hujawahi kuolewa, njoo tuzungumze kwanza. Kwa Waislamu, talaka ya mdomo huku kila mtu mtaani anaijua, lakini kwenye faili nataka cheti kutoka kwa Kadhi.

DHANA: Ukishafika umefika

Aliyeingia na K-1 hawezi kupata grinkadi kupitia mtu mwengine, ni yule yule aliyemuombea. Grinkadi ya kwanza ni ya miaka 2 kwa masharti, na kuyaondoa mnaomba pamoja, isipokuwa kama umepigwa au ndoa imevunjika ilhali ilikuwa ya kweli, hapo kuna njia ya kuomba peke yako na uishike hiyo, usikae kwenye kipigo kwa ajili ya karatasi. Ndoa ya kuigiza ni jela mpaka miaka 5 huko.

DHANA: Pesa kidogo ya viza nimtumie yeye ashughulikie

Kwa K-1 ya Marekani, ombi analipeleka yeye kwao na ada yake analipa yeye. Ya kwako unailipa faili ikishafika ubalozini, kwa njia iliyoandikwa kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Mwanajeshi aliyeko Syria anayetaka pesa za likizo, kifurushi kilichokwama uwanja wa ndege wa JKIA, hizo hadithi za matapeli sitaki hata kuzizungumzia tena mwaka huu.

DHANA: Chati futa, simu imejaa

Ah! Usifute, huo ni ushahidi wa faili yako. Saiti ikifunga akaunti yako, au yake, kila kitu kimeenda nacho. Siku mliyoanza kuongea piga skrinshoti ikionyesha tarehe na profaili zenu wote wawili, halafu kila mwezi chagua kurasa mbili tatu za maana, zitume kwenye imeili yako mwenyewe. Simu ikiibiwa kwenye feri bado unazo.